Mtu wako yuko melini, wewe uko Mtwara

Kazi kubwa ya kuwasiliana na baharia hufanyika kabla hajafunga begi. Akishapanda meli atakuambia kile tu mtandao wa meli unachoruhusu, kwa saa ambayo zamu yake inaruhusu, na kama mkataba ni wa miezi tisa huna nafasi nyingine ya kukaa naye jamvini mkapanga. Hapa kwetu, kuanzia Shangani hadi Mikindani na kule Lindi mjini, familia nyingi huanza kuulizana jina la meli siku ambayo simu imeshakaa wiki nzima haijibiwi. Jibu linalopatikana ni "yuko kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki". Kwa maelezo hayo hata anayetaka kukusaidia hana pa kuanzia.

Karatasi moja ya daftari inatosha, mradi iandikwe vizuri. Iwe na jina la meli, namba ya IMO (namba ya kudumu inayoitambulisha meli duniani kote), bendera, kampuni inayoiendesha (mara nyingi siyo mwenye meli), wakala aliyempeleka pamoja na simu na barua pepe yake, cheo chake melini, tarehe ya kuanza na kumaliza mkataba, namba ya pasipoti na ya kitabu cha baharia. Ongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kanuni za usalama za ISM, zilizoanza kutumika 1998, zinailazimu kila kampuni ya meli kuwa na mtu aliyeteuliwa nchi kavu kushughulikia usalama wa melini, mwenye njia ya moja kwa moja kwa wakubwa wa kampuni. Jina na simu yake hubandikwa melini. Mwambie mtu wako siku ya kwanza tu akishapanda apige picha bango hilo akutumie. Karatasi iwe na nakala mbili, moja kwa mke au mama, nyingine kwa mtu mzima asiyelala nyumba hiyohiyo, kwa sababu simu ya mke ikiibwa sokoni na karatasi ilikuwa picha ndani ya simu, mmerudi mlikoanzia.

Namba ya IMO ndiyo ya kung'ang'ania. Meli ikiuzwa hubadilishwa jina, hubadilishwa bendera, lakini namba hiyo ya tarakimu saba inabaki nayo tangu inaundwa mpaka inakatwa chuma chakavu. Tena inajikagua yenyewe. Chukua tarakimu sita za mwanzo: ya kwanza zidisha kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2. Jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe sawa na ile ya saba ya namba yenyewe. Tuchukue 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139. Inaishia 9, na namba inaishia 9, basi imekubali. Ikikataa, kuna tarakimu imesikika vibaya kwenye simu, au umepewa meli ya kwenye karatasi tu, na hilo ni afadhali kulijua kabla nauli ya Dar haijalipwa. Hapohapo tuseme: Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, unaoitwa kwa kifupi MLC, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Wakala anayetaka "ya mchakato" anakutapeli.

Suala la laini ya simu linaonekana dogo, lakini ndilo linalokata watu. WhatsApp yake imekaa juu ya namba ya Tanzania. Akifika bandarini atanunua laini ya huko, na programu itamuuliza kama anataka kubadili namba. Akatae. Anaweza kutumia bando la laini ya kigeni huku WhatsApp ikibaki na namba yake ya siku zote. Tatizo linakuja simu ikifa: ikidondoka kwenye maji, au ikipasuka kwenye ngazi za chumba cha injini. Akipata simu nyingine na kuweka WhatsApp upya, tarakimu sita za uthibitisho hutumwa kwa meseji kwenye laini ya Tanzania. Kama laini ilikuwa ndani ya simu iliyozama, hana namna mpaka arudi. Kwa hiyo tunashauri laini ibaki nyumbani, kwenye simu ndogo ya batani, ichajiwe, na iwekewe vocha kidogo mara kwa mara, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Kabla hajaondoka awashe pia ile PIN ya pili ya WhatsApp na aikariri.

Tarakimu hizo sita ndizo hasa wanazozitafuta matapeli. Ikija meseji "Mama, nimebadili simu, nisomee namba iliyoingia", usisome kitu mpaka usikie sauti yake. Aliyepoteza simu kweli ataazima ya mwenzake au atapiga kwa simu ya meli. Simu ya setilaiti huonekana kwa namba inayoanza na +870, ambayo ni Inmarsat, au +8816, ambayo ni Iridium. Ipokee haraka. Usiipigie wewe: dakika moja tu ya kupiga huko inaweza kumeza vocha yote.

Saa ndiyo inayogombanisha watu kuliko hata bando. Meli ina saa mbili. Kuna saa ya meli, inayosogezwa mbele ikielekea mashariki na nyuma ikielekea magharibi, na kuna UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, isiyobadilika, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye tovuti za kufuatilia meli. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kisha juu yake tunasoma saa kwa Kiswahili, na hapo ndipo vichwa huuma. Njia ya mkato ni hii: toa 3 kwenye UTC, unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja. UTC 15:00 ni saa 12 jioni. UTC 04:00 ni saa 1 asubuhi. Jibu likizidi 12, punguza 12: UTC 18:00 ni 15, yaani saa 3 usiku. UTC ikiwa chini ya 4, ongeza 12 kwanza: UTC 02:00 inakuwa 14, toa 3, saa 11 alfajiri. Meli ikiwa Santos, Brazil, ambako wako nyuma ya UTC kwa saa tatu, saa ya ukutani melini na saa yetu ya Kiswahili husomeka namba ileile, ila kwao ni 8 ya asubuhi na kwetu ni saa 8 mchana. Watu wamenuniana kwa hilo.

Halafu kuna zamu. Kwenye meli nyingi za mizigo walio zamu ya darajani (chumba cha kuongozea meli) hukaa saa nne kazini na saa nane nje, kwa saa ya meli: 00 hadi 04 na 12 hadi 16, au 04 hadi 08 na 16 hadi 20, au 08 hadi 12 na 20 hadi 24. Mwambie akutajie zamu kwa mtindo wa saa 24, maana "niko huru saa mbili" haikuambii ni mbili ya wapi. Chukua baharia wa zamu ya 12 hadi 16, meli iko Singapore, saa tano mbele yetu. Anatoka kazini 16:00, kwetu ni saa 5 asubuhi. Anaoga, anakula, na kati ya 17:00 na 20:00 yake, ndiyo saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri ya Mtwara, yuko macho na hana haraka. Akishapanda kitandani amebakiwa na saa tatu au nne tu za kulala kabla hajaamshwa kwa zamu ya usiku wa manane. Kanuni zinampa mapumziko ya angalau saa 10 katika kila 24, na zinaruhusu yakatwe vipande viwili, kimoja kisipungue saa sita. Mke anayesubiri watoto walale ndipo apige, saa 3 usiku, anampata mumewe saa 8 usiku ya kwao, akiwa kazini darajani ambako simu hairuhusiwi. Hakuna aliyemkwepa mwenzake hapo.

Intaneti ya melini imekuwa nzuri kuliko zamani, na tangu 23 Desemba 2024 marekebisho ya MLC yanawataka wenye meli wawape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo yawe ya wastani. Kwa vitendo, meli moja ina Starlink na mtu anaongea kwa video akiwa katikati ya Bahari ya Hindi. Nyingine inampa kila baharia kiasi fulani kwa mwezi, kikiisha ananunua kadi kwa nahodha. Muulize amepewa kiasi gani na upime vyako kwa hicho. Kwa makadirio, dakika ya sauti iliyorekodiwa WhatsApp haifiki nusu MB, picha ya kawaida ni mamia ya KB, simu ya sauti hula chini ya MB moja kwa dakika, na simu ya video hula MB kadhaa kwa dakika. Video ya harusi ya dakika nne iliyotumwa na shangazi kwenye kundi la ukoo inaweza kummalizia bando la wiki bila yeye kuitazama. Azime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, na makundi ya ukoo ayaondoke au ayahifadhi pembeni. Kama mnataka aone harusi, mchagulieni picha tatu.

Lipo jambo la WhatsApp linalopita kimya kimya: meseji isiyofika hushikiliwa kwa siku 30 tu, kisha hufutwa. Kama meli yake haina intaneti na ataivuka bahari kwa muda mrefu, ujumbe wenye tiki moja uliotuma mwezi uliopita hataupata kamwe. Utume upya. Mambo ya kudumu, kama namba ya akaunti au jina la dawa ya mzee, yatumwe pia kwa barua pepe.

Mtandao wa kawaida wa simu usiutegemee sana. Mnara wa GSM una kikomo cha km 35, na meli kubwa hupita mbali na pwani kuliko hapo. Anaupata meli ikitia nanga karibu, ikipita Mfereji wa Suez, au ikiwa gatini. Na gatini penyewe pana mitego. China WhatsApp imezuiwa, kwa hiyo akiwa Shanghai au Qingdao na laini ya huko, meseji zako zitabaki na tiki moja kwa siku zote za kupakua mzigo. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano Jebel Ali, meseji za WhatsApp hupita lakini simu zake za sauti na video hazipiti. Starlink nayo huzimwa meli ikiingia maji ya nchi ambayo haijairuhusu, China ikiwemo. Waliozoea hudhani bandarini ndiko mtu anapatikana kirahisi. Mara nyingi ni kinyume: bandarini ndiko kuna kazi nyingi, wakaguzi, mafuta, chakula kinapakiwa, na baharia halali.

Sasa tuje kwenye kimya chenyewe. Sababu nyingi ni za kawaida kabisa. Antena ya setilaiti inaweza kuzibwa na bomba la moshi au kreni meli ikielekea upande fulani, na ikiendelea na uelekeo huo siku mbili, ni siku mbili bila mtandao. Mvua nzito hudhoofisha mawimbi. Bando limeisha na nahodha hauzi kadi mpaka tarehe moja. Kwenye meli za mafuta na gesi simu ya kawaida haitoki nje ya sehemu ya vyumba vya mabaharia, kwa sababu ya hatari ya cheche, hivyo anayefanya kazi sitahani hata meseji haoni kutwa. Katika maeneo yenye hatari ya kushambuliwa nahodha anaweza kukata intaneti ili meli isijulikane ilipo. Na tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yamezifanya meli nyingi kati ya Asia na Ulaya zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Safari hiyo huongezeka siku kumi au zaidi, nazo ni siku za bahari tupu. Kuna na sababu nzito kidogo: kukitokea ajali melini, baadhi ya kampuni huzima intaneti ya mabaharia wote mpaka familia ya aliyeumia ijulishwe kwanza. Ndiyo maana kimya cha wenzake wote kwa pamoja tunakitilia maanani kuliko kimya chake peke yake.

Kubalianeni mapema kimya kirefu kabisa kiwe siku ngapi. Kwa meli yenye intaneti ya kila siku, sisi tunaona siku nne hazistahili hofu, na wiki inastahili barua pepe kwa wakala. Kwa meli isiyo na intaneti, hesabu urefu wa safari kutoka bandari hadi bandari, ongeza siku tano.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, iangalie meli. Meli za kuanzia tani 300 zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba AIS, chombo kinachotangaza jina, mahali na mwendo wake. Fungua MarineTraffic au VesselFinder kwenye simu, andika namba ya IMO, usiandike jina, kwa sababu meli zenye jina moja ziko nyingi. Cha kwanza kusoma ni muda ambao taarifa ilipokelewa, siyo mahali. Huduma ya bure hutegemea sana vipokezi vya nchi kavu, vinavyosikia takriban maili 40 za baharini, kwa hiyo meli iliyo katikati ya bahari itakuonyesha mahali ilipoonekana mara ya mwisho, pengine siku tisa zilizopita, ikiwa imesimama palepale. Haijazama. Imetoka tu nje ya masikio. Cha pili ni mwendo, unaopimwa kwa noti. Noti moja ni km 1.85 kwa saa. Meli ya noti 12 hukata maili 288 kwa siku, km 533, karibu sawa na barabara ya Mtwara hadi Dar. Kwa kipimo hicho unaweza mwenyewe kukadiria lini itafika. Usikadirie kwa bandari iliyoandikwa kama mwisho wa safari: sehemu hiyo na muda wa kufika huandikwa kwa mkono na ofisa wa meli, na hukaa na maneno ya safari iliyopita. Bandari huandikwa kwa kifupi, SGSIN ni Singapore, TZDAR ni Dar es Salaam, na wakati mwingine badala ya bandari kuna tangazo kwamba melini wamo walinzi wenye silaha. Ukiiona meli imesimama juu ya nchi kavu, au inazunguka duara jangwani, ni mawimbi ya GPS yamevurugwa, jambo la kawaida siku hizi Bahari Nyeusi na Ghuba ya Uajemi.

Meli ikionekana inatembea kama kawaida, shida ni ya simu au bando, na subira inatosha. Ikionekana imetia nanga wiki kadhaa mahali pamoja na mshahara haujaingia, hapo ni habari nyingine, tutaifikia.

Kuandika nako kuna ufundi. Mtu aliye melini hana mahali pa kupeleka wasiwasi. Tazama meseji hii: "Baba Zuhura nipigie haraka kuna tatizo." Inafika 19:50, anapanda zamu 20:00, mtandao unakatika. Saa nne nzima yuko gizani darajani au kwenye injini anajiuliza ni nani amekufa. Linganisha na hii: "Baba Zuhura, nyumbani salama. Zuhura alipata homa Jumatatu, amepimwa Ligula, ni malaria, amemaliza dozi ya siku tatu, leo amekula. Si lazima upige." Utaratibu ni huo: hali kwanza, kisha kilichotokea, kilichofanyika, na kama kuna anachotakiwa kufanya yeye. Jambo la fedha lenye uamuzi mpe machaguo yenye namba, "1 tulipe ada yote, 2 tulipe nusu", ili ajibu kwa tarakimu moja hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Watoto warekodi sauti. Sauti ni nyepesi, na anaweza kuisikiliza tena na tena bila bando.

Msiba unahitaji mpango wake. Huku kwetu mazishi ya Kiislamu hayasubiri, na hata yasiyo ya Kiislamu hayawezi kusubiri meli ifike bandari. Kwa hiyo kabla hajaondoka aseme mwenyewe: nani amwambie, na je, aambiwe hapohapo au akishuka zamu? Aliyeteuliwa awe mmoja. Wengine wote wakae kimya kwenye status mpaka ajulishwe, maana baharia akiwasha simu anaona status za binamu zake kabla ya meseji ya kaka. Njia tunayoiona nzuri ni kumpigia wakala au yule mtu wa kampuni wa nchi kavu, amjulishe nahodha, nahodha amwite pembeni, amtoe kwenye zamu inayofuata, kisha ndipo kaka apige. Kama anataka kurudi, inategemea mkataba wake na bandari inayofuata. Msimwahidi.

Njia hiyohiyo ya wakala, kampuni, nahodha ndiyo ya dharura zote. Andika barua pepe fupi: jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, meli, namba ya IMO, lini mliongea mara ya mwisho, unachoomba, simu yako. Simu ya mdomo ifuate baadaye.

Kuhusu fedha, MLC inataka mshahara ulipwe kila mwezi na inampa baharia haki ya kuelekeza sehemu yake au yote itumwe kwa familia. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina. Pasipoti inasema Mohamed, akaunti inasema Muhamedi, benki ya nje inarudisha fedha, wiki tatu zimepita. Hakikisheni jina la akaunti ya mpokeaji limeandikwa herufi kwa herufi, pamoja na SWIFT ya benki, yenye herufi na tarakimu 8 au 11, na tegemeeni benki za katikati zitakata chochote njiani. Mwezi mmoja kuchelewa hutokea. Miezi miwili bila mshahara, kwa mujibu wa MLC, meli inaweza kuhesabiwa kwamba imetelekeza mabaharia wake, na meli inatakiwa iwe na dhamana inayofidia hadi miezi minne ya mshahara na gharama za kuwarudisha. Hapo msingoje ahadi za kampuni. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo yenye dhamana ya mabaharia wa Tanzania Bara. ITF ni shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji duniani lenye wakaguzi bandarini nchi nyingi. SeafarerHelp, huduma ya ISWAN, shirika la kimataifa la ustawi wa mabaharia, hupokea simu na meseji saa 24 bila malipo, na husikiliza hata familia, siyo baharia peke yake.

Kimya hutoka upande wetu pia, na huwa tunakisahau. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mafuriko yakakata barabara ya kusini kule Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Baharia aliyekuwa mbali aliona habari za kimbunga kwenye simu yake, na nyumbani tiki moja. Ukisikia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, mwandikie kabla upepo haujafika: tuko wapi, tutahamia kwa nani, umeme na mtandao vinaweza kukatika siku tatu. Muwe na jamaa mmoja nje ya nchi, Oman au kokote, mnayeweza kumpigia simu ya kawaida naye akampelekea meseji. Simu za kawaida mara nyingi huendelea kufanya kazi hata pale intaneti inapokuwa imelala.

Wenye watu wao kwenye mashua za Kilwa na Mafia, au waliokwenda dago (kambi ya uvuvi mbali na nyumbani), wana hesabu nyingine: hakuna AIS, mtandao unapatikana karibu na pwani tu, na wakati wa upepo mkali wa kusi chombo hujibanza nyuma ya kisiwa siku kadhaa. Huko karatasi iandike rangi ya chombo, jina la nahodha, namba za watu watatu waliomo, na diko wanalopenda kushukia. Simu ifungwe kwenye mfuko usioingia maji na ibaki imezimwa mpaka saa mliyoafikiana, ili chaji idumu. Chombo chenye redio ya VHF kisikilize chaneli 16.

Kuhusu kurudi, usiweke tarehe ya harusi kwenye siku ya mwisho wa mkataba. Mikataba mingi husema miezi kadhaa, kuongeza au kupunguza mmoja, kwa uamuzi wa kampuni, na hata siku ikifika lazima anayempokea awe amewasili na bandari iruhusu mabaharia kubadilishana. Kikomo ni kwamba haki yake ya kurudishwa nyumbani lazima ianze kabla hajatimiza miezi 12 melini. Nauli ni ya mwenye meli, pamoja na chakula njiani na kilo 30 za mizigo. Lakini nauli hiyo inaishia pale mkataba unapotaja. Ukitaja Dar es Salaam tu, tiketi ya ndege ya kuja Mtwara au basi la alfajiri kutoka Mbagala ni juu yenu, na kama mnataka iandikwe Mtwara, hilo linaombwa siku ya kusaini.